Programu iliyosema asilimia 2, na twiga aliyeniambia ukweli

Asilimia 2. Hiyo ndiyo alama ambayo programu ya kukagua wizi wa maandishi iliipa insha ya kijana anayekaa dawati la nyuma kabisa darasani kwangu. Duara la kijani, alama ya vema ya kijani, na chini yake neno "halisi". Mimi wakati huo nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu, na twiga alikuwa ameshatokea.

Programu hii nimeitumia muhula mzima, kwa insha za madarasa mawili, kila wiki. Jina lake sitalitaja, maana nina malalamiko na sina wakili. Wasio na muda nawapa hukumu mapema: nyota tatu kati ya tano. Inafanya vizuri kazi moja ndogo, halafu inajinadi kwa kazi kubwa isiyoiweza. Wenye muda tuendelee, kwa sababu habari yenyewe iko kwa twiga.

Kichwa cha insha kilikuwa "Safari ambayo sitaisahau". Kijana akaandika juu ya mwanamume aliyempoteza binti yake usiku uleule maradhi mapya yalipoingia mjini. Binti kapigwa risasi na askari, kafia mikononi mwa baba. Miaka ishirini baadaye baba huyo, roho imeshakuwa jiwe, anapewa kazi ya kumsindikiza msichana wa miaka 14 aliyeumwa na mgonjwa lakini haugui. Wanavuka nchi. Wanagombana, wanazoeana. Siku moja, katikati ya mji uliokufa, wanamkuta twiga akitafuna majani, wanasimama kumtazama. Halafu hospitali, halafu madaktari wanaotaka kuupasua ubongo wa msichana wapate tiba, halafu mwanamume anaua na kumtorosha. Mwishoni anamdanganya kuhusu yaliyotokea. Msichana anamtazama, anajibu neno moja: "Sawa."

Aliyewahi kucheza The Last of Us, gemu lililotolewa na Naughty Dog mwaka 2013, hapo ameshainuka kitini. Mimi nimelimaliza mara mbili. Mara ya kwanza mpwa wangu alikuwa akinipokea pedi kwenye sehemu za giza, maana shangazi yake ni mwoga. Mara ya pili nilicheza peke yangu, usiku, sauti nimeipunguza nisiamshe watu. Kijana yule ningeweza hata kumsahihishia mahali alipokosea kuiba.

Programu haikuona kitu. Kusema haki, kwa jinsi ilivyoundwa, hakikuwepo cha kuona. Programu za aina hii hazisomi hadithi. Zinayakata maandishi vipande vya maneno machache yanayofuatana, kila kipande zinakigeuza namba, kisha zinasaka namba hizohizo kwenye ghala lao la kurasa za intaneti, majarida na kazi za wanafunzi wengine. Namba zote zikiwekwa, ghala litafurika, kwa hiyo huhifadhiwa chache tu. Mwaka 2003 wataalamu watatu walichapisha mbinu ya kuzichagua wakaiita kupepeta, jina ambalo yeyote aliyewahi kushika ungo atalielewa haraka kuliko hesabu zake. Yanayobaki kwenye ungo ni maneno. Msuko wa hadithi unapeperuka na makapi.

Na hata hayo maneno, kwa Kiswahili, ungo una matundu. Nilifanya jaribio langu jikoni, usiku mmoja badala ya kusahihisha. Nikachukua aya ya masimulizi iliyoko mtandaoni, nikaipakia kama ilivyo. Nyekundu tupu, hongera. Kisha nikabadilisha nafsi peke yake. Palipokuwa na "nilikimbia, nikajikwaa, nikaanguka" nikaweka "alikimbia, akajikwaa, akaanguka". Msuko uleule, sentensi zilezile, hata koma sikuzigusa. Alama ikaporomoka mpaka asilimia 11, rangi ikawa kijani. Sababu si siri: nafsi kwetu inakaa ndani ya kitenzi, haisimami peke yake pembeni. Ukiigusa, kila kitenzi kinakuwa neno jipya machoni pa mashine inayohesabu maneno mazimamazima. Ingekuwa inalinganisha herufi, au inatambua mizizi, ingeona kwamba -kimbia, -jikwaa na -anguka wamekaa palepale wakiwa wamebadilisha kofia tu. Kwenye orodha ya lugha "zinazohudumiwa kikamilifu" Kiswahili kimo. Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatisha aya zote mbili. Siku mbili baadaye nikapata jibu la kunishukuru kwa kuwa mteja wao wa thamani, pamoja na video ya kunifundisha kufungua akaunti.

Akaunti ninayo. Ndiyo niliyowaandikia kupitia kwayo.

Sasa mgeuzie shingo binti anayekaa safu ya mbele. Yeye alipata asilimia 37, rangi ya chungwa, na onyo kwamba kazi "inahitaji kuchunguzwa". Nikachunguza. Vipande vilivyopigiwa mstari vilikuwa hivi: "nilirauka alfajiri na mapema", "jogoo la kwanza lilipowika", "moyo ukinidunda kama ngoma", "nilitoka shoti kama mshale uliochomoka kwenye uta", "wahenga hawakukosea waliponena". Mnayajua. Kila aliyekaa kwenye kipindi cha insha anayajua. Tunawakaririsha watoto misemo hii kama dua, tunawapa alama za "lugha ya kuvutia" wakiipachika, halafu tunanunua programu inayowaita wezi kwa kuipachika. Binti alikuwa amemnakili nani? Ubaoni ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wangu.

Mipangilio ina sehemu ya kuziacha sentensi zilizo ndani ya alama za kunukuu, na nyingine ya kupuuza vipande vilivyo chini ya idadi fulani ya maneno. Niliipandisha hiyo ya pili mpaka nane, misemo mingi ikaondoka. Lakini lazima uijue, uitafute, na uiweke upya kila unapofungua darasa jipya. Kwenye simu hata haionekani.

Insha ya binti ndiyo iliyonifanya nikae kuandika tathmini hii. Chini kabisa, baada ya "Mwisho", alikuwa ameandika kwa unyenyekevu: "Mwalimu, wazo la kupanda huku unabishana na nafsi yako nimelipata kwenye gemu la Celeste." Ni gemu la mwaka 2018. Msichana anayeitwa Madeline anaukwea mlima, na kutoka kwenye kioo anatokea nusu yake ya giza, sura yake mwenyewe, inayomwambia hawezi, arudi nyumbani. Kwanza anaikimbia. Baadaye anaelewa kwamba haitaondoka, wanapatana, na kilele wanakifika pamoja.

Kwenye insha hakukuwa na mlima. Kulikuwa na jengo refu ambalo lifti yake imekufa, na mtoto aliyebeba mfuko wa dawa za bibi yake. Kila ghorofa sauti ilimkejeli: umesahau funguo, umechelewa, mwenzako angeshafika. Ghorofa ya tisa sauti ikamwambia jambo la kweli: bibi hakuomba dawa, aliomba mtu wa kukaa naye. Nilisimama hapo kusoma. Jambo hilo halimo kwenye Celeste. Nimelicheza, nimekufa humo mara elfu na kidogo, halimo.

Kwa hiyo mashine yangu ilimpa chungwa aliyesema amekopa akatengeneza chake, ikampa kijani aliyebeba nyumba nzima pamoja na paa. Katikati yao yuko wa tatu, ambaye sitamkalia sana. Yeye alichukua muhtasari wa gemu kutoka kwenye tovuti ya mashabiki, kwa Kiingereza, akaupitisha kwenye mashine ya kutafsiri, akaubandika. Asilimia 0. Sifuri safi, kama mtoto mchanga. Insha ilikuwa na aya ambapo shujaa "alipambana na bosi wa mwisho langoni", nami nikakaa nikijiuliza ni kampuni gani hiyo na bosi wa kwanza alistaafu lini. Kwa wachezaji, bosi ni adui mkuu wa gemu. Sentensi iliyofuata: "Akaokoa na kuendelea." Alimwokoa nani? Hakuna. Alihifadhi gemu. Huyu hatuna mjadala juu yake. Maneno si yake na jasho si lake, amedesa, na lugha aliyodesa kutoka kwayo haibadilishi kitu.

Mjadala ni wa kijana wa twiga. Nilimwita baada ya kipindi, nikamwonyesha duara la kijani, nikamwambia nimecheza gemu hilo. Akashtuka kwanza kwa hilo la pili. Kisha akajitetea, na utetezi wake haukuwa mbaya:

"Mwalimu, sijakopi. Hakuna sentensi hata moja niliyotoa mahali. Gemu halina hata maandishi. Nimeona, nikaandika kwa maneno yangu."

Kwenye sheria angepata wa kumsikiliza. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema katika kifungu cha 9 kwamba hakimiliki inalinda usemi, hailindi mawazo. Mtu mgumu anamsindikiza mtoto katikati ya hatari: hilo ni wazo, halina mwenyewe, lilikuwepo kabla ya umeme. Ila wazo likishavikwa tukio baada ya tukio, na wahusika, na twiga njiani, na jibu la mwisho la neno moja, linaanza kuwa usemi, na hapo hata mahakama huweza kuanza kumsikiliza mwenye mali. Lakini mimi si mahakama. Hakuna aliyepoteza hata senti kwa sababu ya insha ya kurasa tano. Shuleni swali ni jingine: nikikupa alama, nampa nani? Mtu anaweza kutovunja sheria yoyote na bado akawa amenidanganya kuhusu kazi iliyofanyika usiku ule mezani kwake.

Nikamsimulia kisa ambacho hakukijua. Mwaka 2004 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Neil Druckmann, alipewa zoezi la darasani: abuni wazo la gemu la kumpelekea George Romero, yule mwongozaji wa filamu za wafu wanaotembea. Druckmann akaenda sokoni na kikapu. Kutoka kwenye gemu la Ico la mwaka 2001 akachukua mvulana na msichana wanaolindana; kutoka kwenye filamu ya Romero mwenyewe ya mwaka 1968 akachukua dunia ya wafu; kutoka kwenye katuni fulani akachukua polisi mzee mwenye moyo mgonjwa. Kisha akatia chake: moyo wa polisi ukimsumbua, mchezaji anahamia kwa msichana, na anayelindwa anakuwa mlinzi. Romero alichagua wazo la mwingine. Miaka tisa baadaye, baada ya kupikwa na kupikwa upya, wazo hilo likawa The Last of Us.

"Kwa hiyo," kijana akasema taratibu, "na yeye alikuwa homuweki."

Alikuwa homuweki. Na hakuficha alikokopa. Tunayajua haya kwa sababu ameyasimulia mwenyewe. Kijana akaanza kutabasamu, akidhani ameshinda. Nikafungua ukurasa wa pili wa insha yake.

Mwanamume wake ana saa iliyovunjika mkononi, imetajwa mara mbili. Kwenye gemu saa hiyo ni zawadi ya siku ya kuzaliwa aliyopewa na binti yake usiku uleule wa msiba, ndiyo maana haivui. Kwenye insha, binti hampi baba yake kitu chochote. Saa inaning'inia tu. Nikamuuliza ilitoka wapi, akakuna kichwa.

Nikafungua ukurasa wa tatu.

"Na huyu twiga?"

Kimya.

"Mji umekufa miaka ishirini. Twiga ametoka wapi?"

"Yuko tu, Mwalimu."

Kwenye gemu hayuko tu. Msichana yule amezaliwa baada ya dunia kuharibika, hajawahi kuona mnyama wa namna hiyo. Ametoka kwenye mambo mazito kiasi kwamba siku nzima hasemi. Na wanyama wale huenda ni wa bustani ya wanyama iliyoachwa wazi, wakazaana kwenye magofu kana kwamba hakuna kilichotokea. Twiga pale anafanya kazi ya kurasa kumi. Kwa kijana wangu alikuwa amepita njia. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako walikuwa na mambo mengine akilini, lakini siku ile yaliyobaki nje yalikuwa na shingo ndefu na madoa.

Niseme na mazuri ya programu, nisije nikaonekana nina kisasi. Iliwanasa marafiki wawili walioleta insha moja yenye kosa moja la tahajia, "mwalmiu", mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimezisahihisha siku mbili tofauti bila kushtuka, nikampa mmoja alama mbili zaidi. Ni ya haraka: darasa zima kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Na wanafunzi wakijua ipo, ule ubandikaji wa moja kwa moja unapungua.

Mabaya, mbali na niliyokwisha kusema. Ripoti inategemea rangi, ukiichapa kwa wino mweusi haisomeki. Na kisanduku cha kuruhusu insha za wanafunzi zihifadhiwe kwenye ghala lao kimeshawekewa vema kabla hujafika. Inabidi uingie vyumba vitatu ndani ya mipangilio ukakifute. Nchini Marekani wanafunzi wanne wa sekondari waliwahi kuishtaki iParadigms, kampuni iliyokuwa ikimiliki Turnitin, programu nyingine ya kukagua wizi wa maandishi, kwa kuhifadhi kazi zao namna hiyo. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba ni matumizi halali. Sawa, sheria imesema. Bado naona haya kumwambia mtoto asichukue cha mtu huku nikikisukuma chake ghalani bila kumuuliza. Nimekifuta.

Lakini ubaya mkubwa ni lile neno moja chini ya duara: "halisi". Lingekuwa "maneno haya hatukuyakuta kwingine", nisingekuwa na ugomvi. Kijana wa twiga alilisoma "halisi" kama cheti. Na walimu wenzangu wawili, siwataji, wanalisoma hivyohivyo. Wanafungua ripoti, wanaona kijani, wanafunga, wanaandika alama. Insha yenyewe hawaifungui. Ukiwauliza wanasema programu imeshasoma.

Sikumpa kijana sifuri. Nilimrudishia insha nikamwambia kukopa ruksa, ila aandike mwishoni amekopa wapi, kama mwenzake alivyofanya, na kila kitu atakachokileta kwenye hadithi nitamuuliza kimetoka wapi. Akarudi baada ya wiki. Hadithi ilikuwa hospitalini. Msimulizi ni mtoto wa daktari mmojawapo wa wale waliouawa, anayefika asubuhi na kumkuta baba yake sakafuni.

Nikacheka peke yangu mpaka mpwa akaja kuuliza kuna nini. Maana gemu lina sehemu ya pili, ya mwaka 2020, na sehemu hiyo ya pili ndiyo hiyo: binti wa daktari. Nilipomuuliza, kijana akaapa hajaicheza, mashine yao ya nyumbani ni ya zamani, hailikubali. Inawezekana. Ukiyatazama yale mauaji ya hospitalini na kujiuliza nani atalia, njia ya kufika kwa mtoto wa daktari si ndefu; mtu anaweza kuipita bila kufuata nyayo za mwingine. Inawezekana pia ameona kwa jirani. Programu ilitoa asilimia 1, kijani, halisi. Nikaifunga.

Twiga hakuwepo. Kulikuwa na kitu kingine, kwenye aya ya nne: mtoto anachukua shada la funguo kutoka mfukoni mwa baba yake, anazihesabu, anapata saba, anahesabu tena. Nikamuuliza kwa nini saba.

Akavuta kiti. Moja ya nyumba ya zamani, akasema, ambayo mlango wake haupo tena. Mbili za hospitali. Moja mtoto haijui inafungua nini, na ndiyo itakayomtoa nyumbani ukurasa wa tano. Nikamuuliza kuhusu zile tatu zilizobaki, akaendelea, na kengele ilipolia bado hatukuwa tumefika kwenye ya saba.